Chupa Aliyobeba Mama Robai

Jericho, Nairobi

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Shangazi. Natumai goti lako limepoa na kwamba unapumzika, ingawa nakujua: ukiambiwa upumzike, unapanda paa la kanisa kupigilia misumari. Hapa kwa Shangazi sote ni wazima. Chuoni huu mwaka wa pili unaniendea vizuri sana. Sijisifu, lakini wewe ukitaka kunisifu sitakuzuia.

Barua hii anakuletea Mama Robai, yuleyule uliyemtuma kwangu. Tafadhali usimwulize kitu kabla hujaimaliza, maana kuna jambo nataka ulisikie kwangu kwanza.

Alifika Alhamisi asubuhi na jogoo ndani ya kikapu, pamoja na barua yako: "Daktari wetu, mpime huyu mama. Kifua kinambana na chakula hakipiti tangu tumzike mumewe. Amekuja na mkojo tayari." Kweli alikuwa nao, katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyofungwa kwa kitambaa. Akaiweka mezani karibu na bakuli la sukari. Shangazi akaiangalia chupa, kisha akaniangalia mimi. Nafula, binti wa Shangazi, yule anayeshona nguo sokoni, alicheka hadi akatoka nje.

"Wazi, daktari," akaninong'oneza mlangoni kwa Sheng yake ya mtaani. "Mathe amekam mbali. Sasa utampima na nini, biro ya kuandikia?"

Baba, mimi si daktari, na sisomei udaktari. Nasomea saikolojia, yaani jinsi watu wanavyofikiri, wanavyokumbuka, na wanavyoumia bila kuwa na kidonda. Sitawahi kumdunga mtu sindano. Siku barua ya chuo ilipofika uliniuliza kama nitatibu watu, nikajibu, "Ndiyo, kwa namna fulani." Jumapili ukatangaza kanisani, watu wakapiga makofi, nami nikasimama mbele yao nikitabasamu kama bwana harusi. Kosa ni langu peke yangu. Nimeona haya tangu siku ile.

Tulimpeleka Mama Robai zahanati. Daktari wa kweli alimpima kila mahali, akaipokea hata ile chupa, mwishoni akasema haoni ugonjwa. Badala ya kufurahi, mama alizidi kunyong'onyea. Tuliporudi nyumbani nikamweleza ukweli wote.

"Basi unasomea watu wazimu?" akaniuliza.

"Hata wasio wazimu, mama."

"Kumbe mkojo wangu nimeubeba bure, safari yote hiyo!" Akacheka. Shangazi alisema ndiyo mara ya kwanza kumwona akionyesha meno tangu ashuke kwenye basi.

Kesho yake sikuwa na masomo alasiri, nikaketi nao nyuma ya nyumba wakichambua kunde. Nikamwuliza Mama Robai mzee wake aliugua vipi. Akavuta fungu jingine la kunde. Kisha akasema kwamba siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wakati ambapo mjane hueleza jinsi marehemu alivyougua hadi mwisho, shemeji yake alisimama akaeleza kila kitu badala yake. Akawaambia watu kwamba mzee alikata roho usingizini, akiwa ametulia.

"Hakuwa amelala," Mama Robai akasema. "Alinishika mkono, akasema ana kiu. Nikaenda kuchota maji mtungini. Niliporudi na kikombe, alikuwa ameshaenda. Hakuna aliyeniuliza."

Hapo akaanza kulia. Unajua desturi yetu: mtu wetu akilia, mwingine huanzisha wimbo. Nilimwona Shangazi akivuta pumzi, nikamkanyaga mguu. Alinitazama kwa jicho la kuniambia kwamba tutaonana baadaye, lakini alinyamaza. Mwalimu wetu ametufundisha hivyo, kwamba kuna wakati kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Chuoni niliona ni jambo dogo. Siku ile niliona ugumu wake, Baba, kwa sababu ulimi ulikuwa unaniwasha kumwambia asilie. Mama alilia mpaka akamaliza mwenyewe, akajifuta kwa leso, akaendelea na kunde zake.

Jumapili watu wa nyumbani hukutana Makongeni kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli. Tukaenda, nikawaomba wampe Mama Robai nafasi ya kueleza. Akasimama, akaeleza yote tangu kikohozi cha kwanza hadi kile kikombe cha maji, nao wakamsikiliza. Tuliporudi akala ugali na kunde, akaongeza. Kifua bado humbana siku nyingine, sitakudanganya, na nimemwambia akizidiwa aende hospitali ya huko nyumbani. Lakini anakula. Jogoo hamtamwona tena, Shangazi alisema huyo ni malipo ya mguu wake niliomkanyaga.

Kwa hiyo Baba, sibadilishi masomo. Hii ndiyo kazi yangu, naijua sasa kama unavyoijua mimbari yako. Ninachoomba ni usimame kanisani uwaambie sawasawa ninachosomea, wasije wakapanda basi na chupa zao. Ukiona vigumu, niachie. Nikija Desemba nitasimama mwenyewe pale pale nilipotabasamu.

Nisalimie Nyanya, mwambie shati alilonishonea bado linanitosha. Nisalimie dada yangu Nasimiyu na shemeji, pia kina mama wa kwaya walioninunulia sanduku.

Jambo la mwisho. Mama yetu alipofariki nilikuwa shule ya bweni, nikafika jeneza limeshafungwa. Wewe ndiwe uliyehubiri, wewe ndiwe uliyetufariji sote. Siku ya kunyoa ulisema maneno mawili tu, sauti ikakukatikia, ukaanzisha wimbo, nasi tukauitikia. Nilikuwa wa kwanza kuitikia. Mpaka leo sijui Mama aliugua vipi, wala alisema nini mwishoni.

Nikija Desemba tuketi wawili, unieleze. Usianzishe wimbo, Baba. Nami sitauitikia.

Ni mimi mwanao,
Wanjala