Jiwe Nililotuma Izigo

Taata mpendwa,

Shikamoo. Nimekupigia magoti ijapokuwa huku Arusha hakuna anayeniona. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima na kazi inakwenda.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu utaisikia peke yako, na haya nataka yasomwe mbele ya Baba Mkubwa na wazee wa ukoo, kabla hawajaamua habari ya kipande cha kibanja, shamba letu la migomba, ulichonigawia.

Kwanza hilo jiwe. Unajua nauza mawe kwa wageni, meusi yenye vitundu, yaliyotoka mlimani zamani sana yakitiririka kama uji wa moto. Bosi wangu ana maneno mengi, kila jiwe amelipatia maana: hili la ujasiri, hili la usingizi, hili la kupata mchumba. La mchumba nimetembea nalo sana, limenitoboa mfuko tu. Lakini lile kubwa nililompa kondakta wa basi awaletee huko Izigo nililichagua mwenyewe. Kwangu ni kitu kilichopita kwenye moto, kikatulia, na sasa hakisogei. Nikaona linafaa kukaa mpakani.

Kaka ameniambia alivyosema Baba Mkubwa: "Mpaka wa kibanja hupandwa mulamula. Mti unataka mtu wa kuuangalia. Huyu binti ametuma jiwe kwa sababu hana mpango wa kurudi."

Iliniuma, Taata. Nililia dukani mpaka mgeni mmoja akanunua jiwe la utulivu akanipa mimi. Baadaye nikafikiri. Kuhusu mulamula, Baba Mkubwa amesema kweli. Kuhusu mimi amekosea. Ile migomba nimeipalilia na wewe tangu shule ya msingi, kaka akiwa kwenye mpira, na kaka mwenyewe hawezi kukataa.

Jiwe liwekeni bafuni, Mama asugulie visigino.

Nisalimie Mama, kaka na mkewe, na shangazi wa Kaagya anayeniombea kila Jumapili. Baba Mkubwa msalimie kwa heshima zote. Mwambie nimeshapewa ruhusa kazini, nakuja. Akate mche wa mulamula kwenye mpaka wake mwenyewe. Shimo nitachimba mimi. Yeye aushike usimame wima, nami nishindilie udongo.

Binti yako,
Kokugonza