Sikumfukuza Mama, Wifi

Saluni kwangu,
Jumatatu, siku ya pili baada ya sikukuu.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu kwanza, maana hasira bado hazijaninyima adabu. U hali gani huko uliko? Mumeo mgongo umemwachia, au bado analala sakafuni? Watoto wamezoea ile baridi? Huku sisi tu wazima. Kaka yako ni mzima pia, isipokuwa kidole alichojikata akimenya viazi, na nitakueleza jinsi mtu yule alivyokutana na kiazi. Mama ni mzima kabisa. Najua hilo ndilo unalotaka kulijua kuliko yote, ndiyo maana nimeliweka juu, usije ukasoma barua hii roho ikiwa mkononi.

Haya, salamu zimekwisha.

Wifi, nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka kalamu inatoboa karatasi, na kama utaona matundu, si panya. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo wewe umeshamaliza maelezo yote, halafu unasema, "Haya wifi, tumeelewana," na mimi nabaki nimeshika simu nikijiuliza nani kaelewana na nani. Karatasi huwezi kuikatiza. Isome mpaka chini.

Jana asubuhi ulituma sauti yako kwenye kundi la familia. Ulisema umesikia mama yako amefukuzwa nyumbani kwa kaka yako siku ya sikukuu, akaenda kushinda saluni kama mteja. Ukasema kama mke wa kaka yako amewachoka, aseme. Wifi, kundi lile lina watu hata siwajui kwa sura! Hukunipigia. Hukuniuliza. Tangu niolewe kwenu nimekusuka mimi, nimekuuguza mimi ulipojifungua, leo naitwa "mke wa kaka yangu" mbele ya ukoo mzima?

Sasa nisikilize.

Mwaka huu nilijipanga. Unanijua, mimi si mtu wa kukurupuka. Mapema kabisa, kabla watu hawajaanza hata kuitaja sikukuu, nilifua mapazia, nikanunua mchele na mafuta bei haijapanda, nikawaambia wateja wangu kwamba Ijumaa jioni nafunga na sifungui mpaka Jumatatu, hata aje bibi harusi. Watoto niliwapeleka kwa mama yangu mzazi. Nilimkalisha kaka yako mezani nikamwambia: mwaka huu hatupokei mtu. Nimesimama tangu mwanzo wa mwezi, miguu imevimba mpaka viatu vinakataa. Nataka kulala, kula mkate na chai, na kulala tena. Akasema, "Sawa mke wangu, umestahili." Akaniletea na beseni la maji ya moto. Nikaamini.

Kumbe wewe huko uliko ulikuwa unapanga sikukuu yako nyumbani kwangu. Ulimpigia mdogo wako, fundi bomba, na mkewe na wale watoto wake wanaopanda kabati. Ulimpigia baba mdogo, yule tunayemwita Redio. Ukampangia mama safari na kumtafutia gari. Ukampigia kaka yako, naye, kwa kuwa hajawahi kukukatalia jambo tangu mkiwa wadogo, akakubali, halafu akaogopa kuniambia. Mimi ulinitumia ujumbe Alhamisi: "Wifi, kesho wanakuja, wewe usihangaike, tulia tu, sisi ni familia."

Tulia tu! Nani atatulia, wifi? Sufuria zitatulia? Mashuka yatajitandika yenyewe? Kila mwaka nikilalamika unanijibu, "Lakini wewe una mpangilio, kwako hakuna shida." Nimegundua kosa langu. Mtu mwenye mpangilio hapewi mapumziko, anapewa wageni. Wale wanaoishi ovyo ovyo ndio wanaopumzika, kwa sababu hakuna anayethubutu kuwatembelea.

Ijumaa mchana walifika. Mimi nilikuwa hapa, nimemkalisha muuguzi mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama ufagio. Kaka yako akapiga simu: "Wageni wamefika, wanauliza chakula." Nikamuuliza, "Wageni gani?" maana nilikuwa bado natumaini aliwazuia. Akasema, "Si unajua dada." Muuguzi alinitazama kwenye kioo akasema, "Dada, ukinivuta hivyo nitarudi wodini kama mgonjwa." Nikamwomba radhi. Nilimaliza kichwa chake machozi yakinitoka, naye akajifanya anasoma tangazo la mafuta ya nywele.

Ya jioni ile siyaelezi. Nilipika, nikatandika, nikacheka palipohitaji kucheka. Chumba changu nilimpa fundi bomba na familia yake, na mama wakamlaza humo humo na wale watoto kwa sababu, mkewe alisema, bibi atafurahi kuwa na wajukuu. Hakuna aliyemuuliza bibi.

Jumamosi, sikukuu yenyewe. Kumepambazuka tu, Redio ameshaanza. Unamjua baba yenu mdogo, anasimulia, anajijibu, anacheka, anarudia. Televisheni imewashwa, watoto wanapiga vifuniko vya sufuria, fundi bomba anaita mkewe kutoka bafuni kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mimi niko nje nyuma ya jiko nasugua sufuria ya jana. Mama akatoka. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, mkoba mkononi, viatu amefunga. Akasimama juu yangu.

"Mwanangu," akasema, "ile saluni yako, ufunguo uko wapi?"

"Ninao mfukoni, mama."

"Twende."

Nilidhani anataka nimtengeneze nywele. Nikamwambia, "Mama, nikimaliza kupika. Hawa wageni watakula nini?"

"Wageni wa nani? Wewe uliwaita?"

"Hapana, mama."

"Mimi pia sikuwaita. Basi, nawa mikono."

Wifi, hivyo ndivyo mama alivyofukuzwa. Naapa sijaongeza neno. Nilinawa mikono, nikajifuta kwenye kanga, tukapita mlango wa uani. Sufuria niliiacha na povu lake.

Tulitembea polepole kwa sababu ya nyonga yake. Maduka yote yamefungwa, barabara tupu, mbwa amelala katikati kama mwenye barabara. Tukapita kona ya fundi viatu. Hapo mama akasimama, akatega sikio, akavuta pumzi ndefu. Akasema, "Umesikia?" Nikamwambia sisikii kitu. Akasema, "Ndiyo hicho."

Sasa hili linalofuata amenipa ruhusa yake nikuambie. Masikio ya mama yanavuma, wifi. Tangu mwaka jana. Kelele zikizidi anasikia kama mashine ya kusaga iko ndani ya kichwa, na kichwa kinamuuma siku nzima. Ameshaonana na daktari, amepewa dawa, ameambiwa akae mahali palipotulia. Hakukwambia kwa sababu anasema ungemfanyia shughuli. Ungewaita watu wote waje kumpa pole, kwa sauti.

Nilimwosha nywele kwa maji ya vuguvugu. Nilipokuwa namkanda kichwa aliniambia, macho amefumba: "Watoto wangu wananipenda, sikatai. Lakini wananikumbuka wote siku moja, na wote wanapiga kelele. Wananikalisha katikati, wananipiga picha, wananipa sahani, halafu wanazungumza wao kwa wao juu ya kichwa changu. Huyu mwanangu aliye mbali ndiye anayejitahidi kuliko wote. Nitamwambiaje?" Kisha akalala pale pale, shingo kwenye taulo. Mimi nikaketi kwenye kiti cha wateja, nikaweka miguu juu ya kingine. Niliipata ile sikukuu niliyoipanga, ingawa nusu tu.

Simu ikaanza. Kaka yako: chumvi iko wapi? Nikamwambia ilipo. Mafuta je? Nikamwambia. Sufuria kubwa? Nikamwambia iko nje, ina povu. Akauliza, "Wewe uko wapi?" Nikamwambia niko na mama, tumetulia tu, kama dada yako alivyoagiza. Nikazima.

Baada ya muda nikasikia viatu vyake. Wifi, alikuja amepandisha hasira! Kidole amekifunga kitambaa, ndicho kile cha viazi, shati lina mchuzi, na sauti ilianza kabla hajaingia: "Umeniaibisha! Watu wanauliza mama yuko wapi, mke yuko wapi, nyumba gani hii..." Nikaweka kidole mdomoni. Akamwona mama. Nilikuwa nimeshamsuka, akiwa usingizini, mistari midogo ya kurudi nyuma, ile aliyokuwa anasuka zamani, na alikuwa bado analala, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Kaka yako akaketi kwenye benchi. Akamtazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amelala hivi tangu saa ngapi?" Nikamweleza habari ya masikio. Naye hakuwa anajua. Mtoto wa kwanza, anayeishi karibu na mama yake kuliko wenzake, hakuwa anajua. Nilitaka kumpigia kelele kwa hilo lakini ningemwamsha mama.

Alirudi nyumbani akapika mwenyewe na fundi bomba. Nasikia wali uliungua chini na juu haukuiva, Redio akaula akiusimulia. Mchana akatuletea sahani iliyofunikwa. Mama alionja akasema, "Mwanangu huyu alikuwa anajua kuchemsha maji tu. Ameendelea." Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Jioni tulirudi, nyumba imefagiliwa, televisheni imezimwa, watoto wametolewa nje, na mama akalala chumbani kwangu peke yake. Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha.

Lakini mkewe fundi bomba, ambaye hakunyanyua hata kijiko, alipata nguvu ya kunyanyua simu na kukuambia nilivyomtoa mama nyumbani. Nawe ukaamini. Hilo ndilo linalonichoma, wifi, kuliko wageni, kuliko sufuria. Uliamini mara moja, kana kwamba ulikuwa unalisubiri.

Na ulipotuma ile sauti, tulikuwa mezani wote. Kaka yako aliisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu chini, akaendelea kunywa chai. Nikamngoja aseme neno. Akasema, "Si unamjua dada." Nilinyanyuka nikaenda uani nikalia kwa hasira. Sijalala naye chumba kimoja jana, na wala usijitie kusuluhisha, hilo ni letu.

Mama anakuagiza hivi, nami naandika kama alivyosema, mwenyewe amekaa hapa anakunywa uji na kunichungulia. Anasema anakupenda. Anasema usimpangie tena gari wala watu. Kama unataka kumfurahisha siku ya sikukuu, mpigie simu wewe peke yako, ongea polepole, na ukimaliza kusema nyamaza umsikie na yeye. Mwakani atakaa kwangu, mlango umefungwa. Ukitaka kuja, karibu sana, njoo peke yako na mumeo, na sahani zenu mtaosha.

Mimi nakuagiza jambo moja tu. Maneno yale uliyasema kundini. Usiniombe radhi pembeni, kwa simu ya kunong'ona. Yarudishe palepale ulipoyatoa, kwa sauti ile ile, wayasikie wale wale.

Ngoja kidogo.

Wifi, nilikuwa nataka kufunga barua simu ikalia. Ni kaka yako, ametuma sauti kwenye kundi. Yuko kazini, kuna vyuma vinagongana nyuma yake, na anakohoa kama mtu aliyepandishwa jukwaani. Anasema: "Jamani, habari za kazi. Mke wangu hakumfukuza mama. Mama aliondoka mwenyewe kwa sababu sisi tulikuwa tunapiga kelele na mimi ndiye niliyewakubali wageni bila kumwambia mke wangu. Wa kulaumiwa ni mimi. Ahsanteni. Na dada, umesikia." Mama amenifanya niirudie mara mbili. Redio ameshajibu kwa sauti ndefu ambayo hatujaifungua.

Wewe bado hujajibu. Naona umeisikiliza, alama iko hapa. Nangoja.

Msalimie mumeo, mwambie asinyanyue vitu vizito. Wabusu watoto, yule mdogo mwambie nimemwekea shanga za nywele. Mama anawasalimu wote, na muuguzi amepita hapa kwa miguu yake mwenyewe, naye anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akulinde ugenini, akupe usingizi mtamu na watu wa kukupikia siku ukichoka. Nakutakia hayo kwa moyo wote, hata leo.

Ni mimi wifi yako akupendaye, na leo kukupenda kumenipa kazi,

Msusi.