Kwa Jicho, Aliyechungulia Mwanga wa Plazma

Leo mwaka umetimia, Baba watoto, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umeinama kufunga viatu uende kazini. Kimoja ulikuwa umeshakifunga.

Kiwandani walikuita Jicho. Ulichonga chipu za kompyuta kwa plazma, gesi inayotiwa umeme ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa hadi inawaka. Ikimaliza kula tabaka moja la kisahani cha silikoni, mwanga wake hubadilika rangi, na hapo ndipo pa kuzima. Ukichelewa, inakula na la chini. Mashine ilikuwa na kipimo chake, lakini wewe lazima uchungulie mwenyewe kwenye kidirisha.

"Kipimo nacho ni mwajiriwa kama mimi," ulituambia. "Kina siku zake."

Nyumbani ulikuwa yule yule. Ulisimama mbele ya sufuria ya maziwa, mikono nyuma, husemeshwi. Miaka kumi na tisa hayakufurika hata siku moja. Mwaka huu yamefurika mara sijui ngapi, na hakuna wa kunicheka.

Kila siku ya familia kiwandani ulinibembeleza: "Mama watoto, twende ukaone ile rangi. Dakika mbili tu."

"Mwakani, bwana. Kwani huo mwanga unahama?"

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikwenda hata mara moja, na katika yote hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwezi uliopita nilikwenda, peke yangu. Mwenzako wa zamu alinivalisha ile nguo nyeupe inayobakiza macho tu, akanisogeza hadi kwenye kidirisha chako. Ilikuwa zambarau, imetulia, nzuri kuliko ulivyonisimulia. Kisha ikaanza kupauka.

"Hapo, mama," akasema. "Hapo Jicho angesema zima."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona kabla hajatamka! Nikageuka mbio nikuambie, nikakutana na ukuta.

Nisamehe, mume wangu. Nilichelewa.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Binti zetu wawili, ambao mdogo wao sasa anavaa saa yako ingawa inamzidi mkono. Dada yako, anayepiga simu kila Jumapili. Na wenzako wote wa zamu ya asubuhi. Hatutakusahau siku zote za uhai wetu.