Mikeka Iliyohama na Kivuli

Jumatano, kiangazi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, hata wino wangu una mchanga.

Shajara yangu, leo nimemwona mtu jasiri, wala si askari. Ni Idi, mwenzangu wa kugawa dawa hapa zahanati ya boma. Mrangi wa Kondoa, mpole mno. Huwa namtania kwamba huwaomba radhi hata nzi anaowafukuza.

Wagonjwa wetu wa homa hulala barazani, nasi huwajua kwa mikeka: wa kwanza kutoka mlangoni, wa pili, wa tatu. Lakini jua likigeuka, kila mtu huvuta mkeka wake kufuata kivuli. Leo Mzee Chilewa alikuwa ameshakunywa kwinini, dawa ya homa, kwa mkono wangu. Akahamia nafasi ya mgonjwa mwingine, Idi akaja akamnywesha tena. Alasiri masikio yakamvuma, akatapika, macho yakaingia giza. Nilidhani tunamzika.

"Mbona hukusema, babu?" nikamuuliza alipotulia.

"Nimepewa, nikanywa. Dawa ya mwenyeji nitaikataaje?"

Ningekuwa mimi, ningesema ni homa tu imempanda. Nani angejua?

Idi alikwenda moja kwa moja kwa bwana mganga, yule daktari wetu wa Kijerumani. Kiboko kilikuwa kimening'inia ukutani, na sote tunaujua uchungu wa hamsa ishirini, yale mapigo ishirini na matano ya adhabu.

"Bwana mganga, nimemnywesha Mzee Chilewa dawa mara ya pili. Kosa ni langu," akasema. Kisha akamwonyesha jinsi mikeka ilivyohama, akaomba tuanze kumuuliza kila mgonjwa jina lake na la baba yake kabla hajanywa.

Bwana mganga hakukigusa kiboko. Akasema na iwe hivyo, kuanzia kesho.

Nilimwonea Idi fahari, halafu nikajionea haya.

Maana mwezi uliopita mimi nami nilimnywesha mpagazi mmoja mara mbili, kwa mikeka hiyo hiyo. Alipopona, nikafunga mdomo.

Ningalisema siku ile, Mzee Chilewa asingalipata taabu ya leo.

Kesho, kabla sanduku la dawa halijafunguliwa, nitamwendea bwana mganga, Idi akiwepo. Naogopa sana. Lakini nataka Idi asikie kwa masikio yake kwamba kosa lile halikuanza kwake.