Siku Mbili za Galway

Stafford, Jumapili

Lakini kwani siku mbili ni nini? Najiuliza hivyo tangu nikate tiketi, na bado roho inanisuta.

Dadangu Wanja amejifungua kule Cork, Ireland. Nilipompata mwanangu Zuri, Wanja alikuja hapa Texas wiki tatu nzima. Alinipikia uji, akanikanda mgongo, akamwosha mtoto, mimi nikalala. Sasa ni zamu yangu. Nami nimemdanganya kwamba tunafika Ireland Alhamisi, ilhali tunatua Jumanne. Hizo siku mbili nime-book chumba cha hoteli Galway, mji mwingine wa huko, mimi na Zuri, nilale tu. Kazini nageuza wagonjwa vitandani usiku kucha, nikirudi namkuta Zuri ameamka.

Leo Wanja kapiga simu. "Mama Zuri, mume wangu ameomba ruhusa kazini Alhamisi. Atakuja kuwachukua Dublin, uwanja wa ndege."

Nikashindwa kuendelea na uongo. "Wanja, tunatua Jumanne. Tunapitia Galway kwanza."

"Galway kuna nani?"

"Hakuna mtu. Ndiyo maana."

Akacheka kwa uchovu. "Mwizi wewe! Mimi nasinzia nikinyonyesha, wewe unaenda kulala hoteli?"

Nilitaka kumwambia basi, nafuta chumba. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Badala yake nikasema Alhamisi tutakuja Cork kwa basi, na kuanzia usiku huo mtoto akilia nitaamka mimi.

Akasema sawa. Ni ile sawa yake fupi ya kukubali huku ameumia, ninayoijua tangu utotoni. Na chumba sikukifuta.