Namba Tano Aliyepita Mlangoni

Jumatatu, 9 Julai 1984

Gunia tena. Lori la mahindi limeshuka kutoka Bashanet tangu asubuhi. Wenzangu wanapokea gunia begani na kuondoka. Mimi lazima kwanza nipande juu ya jiwe. Mgongo unauma. Nimeoga bila sabuni. Naandika.

Nisijidanganye. Hawakunileta Babati kwa ajili ya gunia. Timu ya Ghala inachukua wachezaji na kuwaandika makuli. Asubuhi tunabeba, jioni tunacheza. Nina miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa Agosti inabandikwa orodha ya watakaoajiriwa moja kwa moja. Jina likiwepo, napata kitambulisho cha kazi na mgawo wa sukari na sabuni. Lisipokuwepo, mgambo wa nguvu kazi wataniokota barabarani kama mzururaji na kunirudisha kijijini. Mwezi wa kwanza umekwisha. Sijacheza hata dakika moja.

Leo mtunza stoo kanisimamisha kwenye mlango wa ofisi, akachora mstari wa chaki juu ya kichwa changu. Kamuita karani aje aone. Wamecheka. Beki wa kati gani huyu, anafika kwenye komeo? Wananiita Kisoda. Nina miaka kumi na tisa na sitarefuka tena. Nimechukia.

Jumatano, 11 Julai

Mazoezi. Nimepewa viatu vya njumu. Namba tisa. Mimi navaa tano. Hakuna vingine, si hapa wala Arusha. Nimejaza vitambaa vya gunia mbele na nyuma. Vinawasha.

Kocha Mathayo ndiye aliyeniona nikicheza kwenye uwanja wa kanisa Bashanet, na ndiye peke yake anayenitaka. Kamati wanamtaka Kalisti. Kalisti ni mrefu kama nguzo ya simu, namba tano tangu mwaka juzi, na kwa bahati mbaya ni mtu mwema. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na roho mbaya.

Jumamosi, 14 Julai

Kalisti ana malaria. Anatetemeka chini ya magunia matupu. Hospitali klorokwini imekwisha, wamempa panadol mbili na pole.

Kesho nacheza mimi. Kocha kaniambia na hakuniangalia usoni. Shangazi Mama Emanueli, ninayekaa kwake Nangara, kaniuliza kwa nini sili. Sikumjibu. Nikamkosea adabu. Nimerudi kumwomba radhi.

Nimejaza upya vitambaa kwenye viatu.

Jumapili, 15 Julai

Sifuri kwa sifuri na wageni wa Kondoa. Sifuri! Neno tamu sana.

Niandike kabla sijasahau. Uwanja ulijaa, kwa sababu mafuta ya magari hakuna na watu hawana pa kwenda. Nilipoingia walicheka upande mzima wa miti. Mmoja akapiga kelele, "Mwacheni mtoto akanyonye!" Mshambuliaji wao wa kati alinitazama, akamtazama refa, kana kwamba kuna makosa.

Mimi nimechunga ndama wa baba tangu nina miaka sita. Ndama akitaka kutoroka, kichwa kinadanganya. Kinaelekea huku, mwili unakwenda kule. Unaangalia nyonga. Nyonga haijui uongo. Basi nikaangalia nyonga ya yule bwana dakika tisini. Kila alipogeuka alinikuta nimeshafika, mpira uko mguuni kwangu.

Na mipira ya juu? Hapo ndipo kamati waliponisubiri. Lakini mtu hawezi kuruka bila kukunja magoti kwanza. Nikawa nasimama pale pale magoti yake yanapotaka kwenda. Akawa haruki. Alikasirika mpaka akapewa onyo.

Watu wanne wameniambia habari za udogo wa pilipili. Nawashukuru. Pilipili haibebi gunia.

Nina furaha. Naogopa kuiandika, lakini ninayo.

Jumanne, 17 Julai

Mji mzima unajua jina langu, yaani hilo la Kisoda. Mzee Shabani, mwenye duka karibu na soko, ndiye mwenyekiti wa kamati. Rafu za duka lake zina viberiti na majani ya chai, basi. Kaniita ndani, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatoa chini ya meza kipande cha sabuni ya kufulia kilichofungwa kwenye gazeti. Akanisukumia.

Shangazi alikikata kwa uzi vipande vitatu. Kimoja kaficha ndani ya Biblia. Nimeoga. Nimejinusa mikono mpaka nikaona haya.

Jumapili, 22 Julai

Moja bila, tumeshinda. Nimecheza vizuri kuliko wiki iliyopita. Kidole kikubwa kimevimba. Sijali.

Alhamisi, 26 Julai

Maneno mapya. Jumapili tunacheza na Mbulu, na Mbulu wanaogopwa. Kamati wamemwendea mtaalamu. Kasema mlango wa uwanja umefungwa kwa dawa za wageni, mchezaji wetu yeyote akiupita miguu itakuwa mizito. Turuke uzio wa nyuma. Tena wa kwanza kuingia wawe wageni.

Baba yangu ni katekista. Najua angesema nini. Lakini niwe mkweli kwenye daftari langu mwenyewe: si Mungu aliyenijia akilini kwanza. Ni urefu wa ule uzio. Ni wa mabanzi, na unanipita kichwa na mkono mzima.

Jumapili, 29 Julai

Siku mbaya. Siku mbaya kabisa.

Tulijificha nyuma ya uzio mpaka wageni wakaingia. Muda umekwisha, refa anapuliza kuita. Kocha alishaingia zamani na mipira. Mjumbe wa kamati akasema haraka, haraka. Nani anapandisha wenzake? Kisoda, mabega yake yamezoea gunia. Nikainama. Wakanikanyaga mmoja mmoja. Kipa, mabeki, wote. Watu kumi, na wale wa akiba, na mjumbe mwenyewe na kanzu yake. Nikawa nahesabu midundo upande wa pili. Wa mwisho alipodondoka nikanyoosha mgongo, nikatazama juu.

Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amefikiria mimi nitapandaje. Hata mimi.

Niliita. Kelele za watu zilinimeza. Niliruka, vidole havikufika. Nikasikia filimbi ya kuanza. Nikakimbia kuzunguka uwanja hadi mlangoni, viatu namba tisa vinapiga pwata pwata. Mzee wa tiketi akaninyooshea mkono kifuani.

"Mwanafunzi, kiingilio."

"Shikamoo mzee. Mimi mchezaji. Namba tano."

"Marahaba. Na hivyo viatu umemuibia kaka yako?"

Nilimwonyesha jezi. Akasema jezi nayo ni ya kaka. Nilitaka kulia. Ndipo uwanja ukapiga yowe kubwa, la huzuni, na nikajua. Krosi, kichwa, goli. Mahali pangu palikuwa wazi kama shamba lililovunwa. Mzee aligeuka kuangalia, nikapita chini ya mkono wake.

Nilicheza. Hakupita mtu tena. Ikaisha moja bila, tumefungwa.

Hakuna anayesema tulianza watu kumi. Wanasema Kisoda kapita mlangoni.

Jumatatu, 30 Julai

Nimeitwa ofisini. Mzee Shabani alikuwepo, na meneja wa ghala. Kocha Mathayo alisema, "Mlimfanya ngazi, halafu mnamuuliza kwa nini ngazi haikupanda." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Haikusaidia. Kalisti kapona. Jumapili anacheza Kalisti. Mimi nitabeba mipira. Kuhusu orodha, meneja kasema "tutaona." Najua tafsiri yake.

Ghalani wengine hawanipokezi gunia. Nimebeba na Kalisti. Ndiye aliyekuja kunishikia upande wa pili. Bado amekonda.

Jumatano, 1 Agosti

Nimeanza barua kwa baba. Nimeichana. Nimeanza tena. Karatasi ni ghali, nimeacha.

Mgambo wamepita mtaa wa Bagara leo wakiuliza vijana vitambulisho. Nilizunguka kwa njia ya ziwani. Nimetembea nimeinama, kitu cha kijinga, kwa sababu mimi sihitaji kuinama.

Nina hasira. Si kwa sababu ya kurudi shambani. Shamba silidharau, limenilisha. Ni kurudi kwa sababu ya uzio.

Jumapili, 5 Agosti

Niandike tangu mwanzo. Taratibu.

Tunacheza na Singida. Mimi na wavu wa mipira tukapita mlangoni mapema. Si mchezaji leo, dawa hainihusu. Mzee wa tiketi akaniambia, "Karibu, mwanafunzi," lakini safari hii alitabasamu. Nikaenda kukaa kwenye benchi na kocha.

Saa kumi kasoro wakaanza kuja juu ya uzio. Kipa. Beki wa kulia. Halafu Kalisti. Kalisti ni mzito, na mguu mmoja ulinasa kwenye msumari wa banzi. Alishuka vibaya. Niliusikia ule mguu kutoka kwenye benchi. Alikaa chini ameshika kifundo, hakupiga kelele, akasema tu, "Aisee."

Kamati wakasimama kumzunguka. Mmoja akasema wageni wana dawa kali. Kalisti akamjibu, jasho linamtoka, "Ni msumari, mzee. Uleee."

Kocha hakumuuliza mtu. Alinitupia jezi.

Sikumbuki yote. Nakumbuka mshambuliaji wao wa kati ni mrefu kuliko hata Kalisti, na nyonga yake inaongea kama redio. Nakumbuka kona saba, au nane, na magoti yake hayakupata pa kukunjia hata mara moja. Nakumbuka mpira uliompita kipa, nikiwa kwenye mstari, ukaja chini kabisa, urefu wa mbwa, na nilikuwa pale. Mtu mrefu angechelewa kuinama. Niliupiga kwa paji la uso, bado nina alama ya uzi wa mpira.

Tumeshinda mbili bila.

Baada ya filimbi nilikwenda moja kwa moja kwa Kalisti, aliyekuwa kwenye nyasi mguu umefungwa kwa khanga ya mtu. Nilimwambia pole, na nikamwambia ukweli, kwamba nimefurahi kucheza na nimeumia kwa ajili yake, vyote kwa pamoja. Akasema, "Mimi nimeajiriwa tayari, Kisoda. Mguu utapona. Wewe cheza."

Nimelia njiani kurudi Nangara. Nilijificha kwenye migomba ya watu mpaka nikamaliza.

Jumanne, 14 Agosti

Jumapili tumeshinda tena. Kocha kanipanga mwenyewe, kamati wamenyamaza.

Leo mtaalamu katoa maelezo mapya. Kumbe mlango haukuwa na ubaya wowote. Kumbe tangu mwanzo nyota ya timu ilikuwa yule mfupi, na njia anayopita yeye ndiyo njia. Kuanzia sasa timu nzima itapita mlangoni, nikiwa mbele.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakasirika. Nyota gani? Nimechunga ndama miaka kumi na tatu! Nimekanyagwa na watu kumi na zaidi! Mpira nimeuondoa kwa paji langu la uso, nao sifa wanampa mtaalamu.

Shangazi kasema niwaache. Mlango ni mlango, pita, unyamaze. Ana akili huyu mama.

Ijumaa, 31 Agosti

Orodha imebandikwa saa nne.

Wote walitangulia. Mimi nilikuwa kwenye lori, na gunia haliachwi njiani. Nilipofika kulikuwa na ukuta wa migongo. Ubao uko juu, mtunza stoo kaupigilia kwa kipimo cha kichwa chake. Niliona migongo na visogo tu. Wanasoma, wanashangilia, wanatoka. Hakuna aliyenigeukia. Nikasema moyoni, basi. Nikaanza kupanga nitakachomwambia baba.

Kisha migongo ikapungua, nikasogea. Karatasi ni ndefu, wameunganisha mbili kwa gundi ya unga. Juu kuna makarani, halafu madereva, halafu walinzi. Makuli ni wa mwisho, na wa mwisho wa makuli ni Paskali Tluway. Jina langu liko chini kabisa. Liko mbele ya macho yangu, sawasawa, sikuhitaji hata kuinua kidevu.

Nililisoma mara tatu. Nikakaa juu ya mizani. Mtunza stoo akanifukuza, mizani si kiti. Akarudi na kipande cha chaki, akanipa mkono. Sijui chaki ilikuwa ya nini. Nadhani alisahau kuiweka chini.

Nimepumua.

Jumapili, 2 Septemba

Hakuna mechi.

Baba kaja na lori la mahindi la jana, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Shangazi kampa maji ya kuoga na kipande cha sabuni kutoka kwenye Biblia. Baba alikiangalia sana kabla ya kukitumia.

Baada ya misa aliomba kuona uwanja. Hajawahi kuangalia mpira, alidhani ni kitu cha watoto. Nilimpeleka. Mji ulikuwa kimya. Nilimwonyesha goli, mahali ninaposimama, mstari nilipopigwa na mpira. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyofanya kwa padri.

Kisha akauliza habari za uzio, maana zilishamfikia. Tukazunguka nyuma. Ule msumari bado upo. Baba alisimama chini ya mabanzi na kofia yake kichwani. Yeye na mimi ni kimo kimoja. Aliinua mkono na fimbo. Fimbo haikufika juu.

"Hata mimi," alisema, "ningepita mlangoni."

Tukarudi kwa njia ya ziwani, polepole, kwa sababu ya magoti yake. Shangazi alikuwa ameshapika.