Kuku Wawili kwa Mtoto Mmoja

Jumamosi, 2 Novemba 1957
Barua mbili! Siku moja! Vyuo viwili vya misheni vinamtaka binti yangu Aoko asomee ualimu — kimoja Thika, kingine Ruiru. Vyote vidogo, wasichana hawafiki hamsini. Achague kimoja, jibu lifike kabla ya tarehe kumi na tano. Kambi nzima ya mkonge imesikia, nimehakikisha. Kiilu, mwenzangu wa trekta, akauliza mtoto ametoa wapi akili. Nikamwambia tazama kichwa hiki. Akasema anatazama, ndiyo maana anauliza. Mjinga huyu!
Nitavikagua mwenyewe. Mtu aliyefika Burma vitani hadanganywi na rangi ya ukuta.

Jumanne, 5 Novemba
Thika. Koti la jeshi, kuku mweupe kwapani. Mkuu wa chuo ni mama wa Kizungu, mrefu kama nguzo ya simu. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu chote, kikaishia mlangoni. Akajibu kwa Kiswahili! Akanionyesha chumba cha vitabu — vitabu mpaka darini. Nikavua kofia bila kuambiwa. Halafu kuna chombo: unatia jicho juu, chini wameweka tone la maji ya mto Chania. Mungu wangu! Wadudu! Wana mikia, wanapishana kama watu sokoni. Na maji hayo nimeyanywa miaka tisa! Nimeona meli kubwa kama mji, lakini hapa nilirudi kutazama mara tatu.
Ila wasichana wanatembea kwa mstari, wanakula kimya. Nilitupa mzaha mmoja, ukaanguka ukafa.
Mama akapokea kuku kwa mikono miwili. Basi. Kwetu kuku akipokewa, neno limekwisha.

Alhamisi, 7 Novemba
Ruiru. Mikono mitupu ningeendaje? Nikabeba kuku mwingine, kwa adabu tu. Mwalimu Ngina, mkuu wa pale, alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanamke wa maana! Vitabu ni rafu moja, wasichana watatu kitabu kimoja. Chombo cha wadudu hakuna. Lakini wanaimba wakifua, wanacheza netiboli, bustani ni yao. Na darasani — msichana akasimama akamwambia mwalimu, hapo umekosea. Nikangoja radi. Ngina akafuta ubao! Akaandika maneno ya msichana! Mimi jeshini niliogopa hata kumwambia sajini kwamba kiatu kinavuja. Machozi yakanilenga. Vumbi la Ruiru, hilo.
Kuku akapokelewa kwa makofi. Wamempa hata jina.

Ijumaa, 8 Novemba
Perez, mke wangu, anauliza: umemtoa mtoto mmoja mara mbili? Nikasema ni adabu. Akasema hata ng'ombe hauzwi hivyo. Kiilu anasema tumpasue, nusu Thika, nusu Ruiru. Sikucheka. Mimi!

Jumapili, 10 Novemba
Perez anasema Thika, vitabu ndivyo chuo. Mimi nikasema Ruiru, halafu Thika, halafu Ruiru. Aoko alikuwa anachambua maharagwe. Akasema polepole: Baba, wewe umeona wadudu, umeona ubao ukifutwa. Mimi nimeona nini?
Nikavuta kigoda, nikachambua maharagwe naye. Mtu wa Burma!

Jumatano, 13 Novemba
Aoko amekwenda kuviona mwenyewe. Juzi Thika, jana Ruiru, bila kuku. Akarudi macho yanang'aa. Asubuhi kaandika barua ya kukubali, kaifunga, kaitia posta mwenyewe. Ni ya chuo gani? Hasemi! Anasema watakaokataliwa wana haki ya kujua kwanza, tena kwa mdomo, maana walimpokea kuku wetu. Nikasema twende wote. Akasema, hapana Baba, utaanza hadithi za Burma.
Perez akampa kuku wa tatu, wa kuomba radhi.
Naandika hapa mlangoni. Aoko yuko barabarani, kuku kwapani. Basi atakalopanda ndilo la chuo alichokikataa. La Thika hilo linakuja! Loo, yule mama na mikono yake miwili. Lakini likiwa la Ruiru pia litaniuma — vile walivyopiga makofi! Limesimama. Utingo anampigia kelele apande. Aoko hapandi, hakatai. Anamweleza jambo, huku mlangoni silisikii, anamwonyesha kuku. Dereva anapiga honi. Aoko ameinua kidole kimoja: ngoja.
Na wanangoja! Basi zima, watu wazima na mizigo yao, linamngoja binti yangu amalize —